Mwenye kuulizwa lazima aelezwe

Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya vijana wa mwendo wetu wa raia, Bunia. Tumeyaandika sawa vile yalivyosemwa, tumesahihisha tu kidogo.



Niliombwa nizungumuze juu ya mashini zinazojiamulia, na juu ya mutu anayewekwa pembeni yao kuzisimamia. Namna gani huyo mutu ataielewa mashini? Na namna gani atajua wakati wa kuitumainia na wakati wa kuikatalia? Pale kwa mulango ndugu mumoja amenishika mukono, akaniambia: "Yaya, siye tuko natafuta amani na barabara, weye unatuletea mambo ya roboti?" Nimemuambia aingie, akae mbele, nitamujibu. Ndugu, ninakuona. Nipe muda kidogo.

Nianze na jambo lililonipata mimi mwenyewe.

Miaka kazaa iliyopita nilikuwa mulinzi wa pompi ya maji, kazi ya usiku. Fasi sitaitaja, kompani sitaitaja. Kazi ilikuwa nyepesi kwa kuisema: kubaki karibu na kabati la umeme, kuandika mu daftari kila saa, na kuita mukubwa kama kuko shida. Pompi yenyewe ilikuwa otomatike. Inawaka yenyewe, inazima yenyewe. Ndani ya sitene ya chini kulikuwa floteri, kile kitu kinachoelea juu ya maji. Maji yakiwa mengi, floteri inapanda, inaambia kabati: maji iko, piga. Maji yakipunguka, inashuka, inasema: simama.

Siku ya kwanza nilimuuliza injeniere: "Nitajua namna gani kama inaona vizuri?" Akacheka. "Weye usiguse. Mashini inajua." Funguo ya kuitoa mu otomatike na kuiongoza kwa mukono, alikuwa nayo yeye, kwake nyumbani.

Usiku mumoja, saa nane hivi, sauti ya pompi ikabadilika. Mutu aliyelala karibu na mashini miezi sita anajua sauti yake sawa vile mama anajua kilio cha mutoto. Ilikuwa inalia kavu, sawa mawe madogo ndani ya sufuria. Nikakimbia kwa kabati. Taa ya kijani. Kijani ni kusema: kila kitu kiko sawa. Nikasimama pale nikijiuliza: nisadiki masikio yangu, ao nisadiki taa? Nikapiga simu, hakuna aliyeitika. Njia ingine ilikuwa kukata umeme wa kituo chote, na hiyo nilikuwa nimekatazwa kwa maandishi. Nikangoja. Kisha dakika makumi mbili hivi, harufu ya kuungua ikatoka.

Asubuhi wakafungua sitene. Floteri ilikuwa imenaswa kwa kipande cha kamba, kule juu. Chini hakukuwa maji hata kidogo. Floteri ilidanganya, kabati likasadiki, na mimi nikaonyeshwa kijani. Sababu ile taa haikuwa inaonyesha maji. Ilikuwa inaonyesha kile kabati lilikuwa linawaza juu ya maji. Haya ni mambo mawili, na hakuna mutu aliyekuwa amenifasiria hivyo.

Mukutano wa asubuhi ulikuwa na ulizo moja tu: "Ulikuwa pale. Juu ya nini haukuizimisha?" Wakanikata mushahara, miezi mitatu.

Sikilizeni vizuri hiyo habari. Niliambiwa nisiguse. Kisha nikaulizwa juu ya nini sikugusa. Mashini haikuulizwa. Aliyeinunua hakuulizwa. Aliyeificha funguo hakuulizwa. Leo nimekuja kusema neno moja tu, na yote mengine yanatoka pale: mwenye kuulizwa lazima aelezwe. Kama mutu atajibu kwa ajili ya mashini, mashini hiyo ina mapashwa ya kumuonyesha inaona nini, inafanya nini, na juu ya nini. Na yeye awe na uwezo wa kuisimamisha. Pasipo hivyo, haumuweke pale kuisimamia. Umemuweka pale kubeba lawama.

Mutasema: pompi ni jambo dogo. Ni kweli. Twende basi kwa jambo kubwa, mutaona kama ni habari ileile.

Tarehe 29 mwezi wa 10 mwaka 2018, ndege ya kompani Lion Air iliruka kutoka Jakarta, Indonesia, ikaanguka baharini kisha dakika chache. Watu 189 walikufa. Tarehe 10 mwezi wa 3 mwaka 2019, ndege ya Ethiopian Airlines ilitoka Addis Ababa ikienda Nairobi. Dakika sita hivi, ikaanguka. Watu 157 walikufa, na Wakenya ndio walikuwa wengi kupita inchi zingine. Ndege zote mbili zilikuwa za aina moja, Boeing 737 MAX.

Ndani ya ndege hiyo walitia programu moja, jina lake MCAS. Kazi yake ilikuwa kushusha pua ya ndege yenyewe, bila kuomba ruhusa, kama inawaza kwamba pua imepanda kupita kiasi. Inajua namna gani? Kwa kapteri, kijicho kidogo pembeni ya pua, kinachopima namna ndege inakata upepo. Ndege ilikuwa na kapteri mbili, ya kushoto na ya kuume. Lakini MCAS ilikuwa inasikiliza moja tu. Kapteri moja ikidanganya, programu inasadiki. Munaona floteri yangu?

Na kuko kubaya zaidi. Kitabu ambacho mapiloti walipewa hakikufasiria MCAS. Piloti wa Lion Air alikuwa anavuta pua juu, programu inaishusha. Anavuta tena, inashusha tena. Zaidi ya mara 20. Mutu yuko anashindana na kitu ambacho hakuambiwa kama kiko. Tena kulipashwa kuwa taa ya kuonya kwamba kapteri mbili hazipatane. Mu ndege nyingi za aina ile taa hiyo haikuwa inafanya kazi, isipokuwa kama kompani ilikuwa imenunua kipimo kingine cha kuongeza juu ya bei.

Kuko jambo moja ambalo lilinigusa kupita yote. Siku moja mbele ya ile ajali, ndege ileile ya Lion Air ilipata shida ileile, na watu wakafika salama. Juu ya nini? Kulikuwa piloti wa tatu ndani ya chumba cha mbele, aliyekuwa anasafiri tu. Mikono yake haikuwa na kazi, akili yake ilikuwa na nafasi ya kuangalia. Walikata umeme wa kile kifaa kinachogeuza mukia, wakaongoza kwa mikono. Lakini ripoti waliyoandika mu daftari la ndege haikueleza yote yaliyowapata. Kesho yake mapiloti wengine wakapanda wakiwa hawajui.

Kwa Ethiopia, mapiloti walikuwa wameisha kupewa maelezo, kwa kuwa ajali ya kwanza ilikuwa imepita. Nao walikata ule umeme. Lakini ndege ilikuwa na mbio kubwa sana, na lile gurudumu la kugeuza kwa mikono likawa gumu kupita nguvu zao. Maana yake: kumuelezea mutu peke yake hakutoshi. Lazima kile unachomuambia afanye kiwe kinawezekana kwa saa ile, kwa mikono yake ileile.

Kisha pale, ndege hizo zikasimamishwa dunia nzima. Kwa Marekani ziliruhusiwa kurudi hewani mwezi wa 11 mwaka 2020, kisha miezi 20. Walibadilisha nini? Programu sasa inalinganisha kapteri mbili. Zisipopatana, inanyamaza. Haishushe tena pua mara nyingi mufululizo. Piloti akivuta, mukono wake unashinda. Na mapiloti wanafundishwa juu yake. Tazameni hiyo orodha: hakuna hata kimoja ambacho hakingeweza kufanywa tangu mwanzo. Ilihitaji watu 346 wafe.

Sasa, kuko wengine watasema: basi tusitumainie mashini hata moja. Hapana. Hapo ninawaomba tuwe waangalifu, sababu kutumainia kidogo kupita kiasi ni kosa, na kutumainia sana kupita kiasi ni kosa pia. Nitawapa mifano miwili ya vita, maana siye watu wa Ituri vita tunaijua.

Mwaka 2003, mu vita ya Iraki, Marekani walikuwa na mitambo inayoitwa Patriot, ya kupiga makombora ya adui hewani. Tarehe 23 mwezi wa 3, Patriot moja ilisoma ndege ya Waingereza iliyokuwa inarudi kambini, ikasema: hili ni kombora la adui. Askari walikuwa na dakika moja hivi ya kuamua. Walisadiki. Waingereza wawili wakakufa. Siku 10 nyuma yake, tarehe 2 mwezi wa 4, Patriot ikapiga ndege ya Wamarekani wenyewe, piloti akakufa. Washauri wa wizara ya ulinzi ya Marekani wakaandika kisha kwamba askari wale walikuwa wamefundishwa kusadiki programu. Hawakufundishwa kuiuliza.

Mufano wa pili. Tarehe 26 mwezi wa 9 mwaka 1983, kwa Urusi ya zamani ya Kisovieti, afisa mumoja jina lake Stanislav Petrov alikuwa zamu ya usiku. Mashini ya satelaiti ikapiga kengele: Marekani wametuma kombora. Kisha la pili, mpaka matano. Kama angepeleka habari kwa wakubwa kwamba ni kweli, hatujui dunia ingeamuka namna gani. Petrov alisema: hapana, hii ni kosa la mashini. Alikuwa na sababu. Alijua mutambo ule ulikuwa mupya na haujazoeleka. Alijua kwamba mutu hawezi kuanza vita ya namna ile na makombora matano tu. Na radari za chini hazikuona kitu. Kweli, ilikuwa mwangaza wa jua uliopiga mawingu, satelaiti ikadanganyika.

Petrov hakuwa nabii. Alikuwa mutu anayejua mashini yake inashindwa wapi. Tofauti yake na wale wa Patriot si ushujaa. Tofauti ni kile walichoambiwa na kile walichofundishwa. Ujasiri pasipo kuelewa ni kubahatisha tu. Mimi usiku ule kwa pompi sikukosa ujasiri. Nilikosa kujua.

Sasa ninarudia ulizo la lawama. Tarehe 18 mwezi wa 3 mwaka 2018, mu muji wa Tempe, jimbo la Arizona, Marekani, gari la majaribio linalojiongoza liligonga na kuua mwanamuke aliyekuwa anavuka barabara usiku akisukuma kinga. Ndani ya gari kulikuwa mutumishi mumoja, kazi yake kuangalia. Uchunguzi ulionyesha kwamba programu ilimuona yule mama zaidi ya sekunde tano mbele ya kumugonga. Sekunde tano ni nyingi. Lakini ilikuwa inabadilisha mawazo: ni gari, hapana ni kitu kingine, hapana ni kinga. Kila mara ikibadilisha, inaanza kuhesabu upya. Na haikumuita mutumishi mapema ili amusaidie. Kwa macho ya mutumishi, gari lilikuwa linatembea sawasawa. Yeye alikuwa anaangalia telefone yake. Hiyo ni kosa, sitaitetea. Lakini tribinali ilimushitaki nani? Yeye peke yake. Mwaka 2023 alikubali kosa, akapewa miaka mitatu ya kuchungwa. Kompani haikushitakiwa mu mambo ya jinai.

Watu wa kazi hii wanajua tangu zamani: ukimuambia mutu "angalia tu, usifanye kitu" saa nane mufululizo, akili yake italala, hata kama macho yako wazi. Si uvivu. Ndivyo mutu ameumbwa. Mwenye kupanga kazi namna hiyo amepanga pia ajali.

Ndugu yangu wa mulangoni, sasa niko nakujibu weye.

Ulisema siye tunatafuta amani na barabara. Lakini mashini hizi hazikungojea tumalize kutafuta. Ni nani hapa hana ndugu ao rafiki aliyekwenda Durba kutafuta kazi? Pale, mu Haut-Uele, kuko muchimbo wa zahabu wa Kibali. Wenye kompani ni Barrick na AngloGold Ashanti, 45 kwa 100 kila mumoja, na SOKIMO yetu ya Leta, 10 kwa 100. Chini ya udongo, zaidi ya mita 700, kuko mashini kubwa zinazobeba mawe, na hakuna mutu kwa usukani. Zinajiongoza. Mutu anakaa huku juu, mbele ya ekra, mutu mumoja anasimamia mashini kazaa. Na ni Wakongomani wanaofanya hiyo kazi.

Sikuja kusema ni vibaya. Kuondoa mutu chini ya mawe yanayoweza kumuangukia ni jambo zuri, na mama yake analala usingizi. Mashini za namna hiyo zinawekewa vizuizi: mutu akivuka, zinasimama. Hayo ni mawazo mazuri. Lakini kijana anayekaa mbele ya ekra ana haki ya maulizo yaleyale niliyokosa mimi. Mashini ikisimama, ekra inaniambia juu ya nini, ao inanionyesha tu taa nyekundu? Lugha ya ekra ni lugha ninayoelewa wakati nina woga? Mashini tano zikiita kwa mara moja, ni ipi ya kwanza? Nikisimamisha kazi kwa sababu ninaona mashaka, nitapongezwa ao nitafukuzwa?

Hilo ulizo la mwisho halihusu programu hata kidogo. Linahusu mukubwa. Unaweza kutia butoni nyekundu ya uzuri namna gani, kama kila mutu aliyeigusa alikatwa mushahara, butoni hiyo ni pambo.

Na musiwaze kwamba kufanya mashini yenye kueleweka ni sayansi ya wazungu peke yao. Mwaka 2013, mu Kinshasa, injeniere Thérèse Izay na wenzake walisimamisha roboti za kuongoza magari mu njia panda. Mwaka 2015 wakaongeza zingine, wakazipa majina: Tamuke, Mwaluke na Kisanga. Wengi walicheka umbo lake. Mimi ninaliheshimu. Roboti ina kifua kinachogeuka, mikono inayopanda na kushuka, taa nyekundu na kijani, na inasema kwa sauti wakati watembea kwa miguu wanaweza kuvuka. Dereva ambaye hakusoma anaelewa, mama mwenye beseni kichwani anaelewa, mutoto anaelewa. Hakuna anayejiuliza: leo inawaza nini? Imevaa mawazo yake inje. Huo ndio ufundi. Mashini inayoonyesha nia yake mbele ya kuitimiza inampa mutu nafasi ya kuisadiki ao ya kuruka pembeni.

Sasa nipokee maneno mawili ya wale wasiokubaliana na mimi, kwa sababu si vizuri kuyaficha.

La kwanza: "Mukiomba mashini ieleze kila kitu, mutumishi atazama ndani ya maelezo." Wana haki. Ndani ya ile Boeing kengele na maonyo vilikuwa vinalia kwa mara moja, na haikusaidia kitu. Kueleza si kusema mengi. Ni kusema linalofaa kwa saa inayofaa. Kwa pompi yangu, maneno matatu yangetosha: "Sioni maji yakitembea." Wakati wa hatari, mutu anahitaji neno moja na butoni moja. Wakati wa kujifunza, anahitaji kitabu kizima. Wakati wa uchunguzi, anahitaji kumbukumbu yote, saa kwa saa, isiyoweza kufutwa.

La pili: "Mashini za siku hizi zinajifunza zenyewe kutoka mifano mamilioni. Hata waliozitengeneza hawawezi kufuata kila hatua ya mawazo yao." Nayo ni kweli. Tena kuko hatari: mashini inaweza kutoa maelezo mazuri, laini, ambayo siyo sababu ya kweli ya kile ilichofanya. Kwa siasa tunawajua watu wa namna hiyo. Basi tunafanya nini? Kile tunachofanya kwa mutu ambaye hatuoni moyo wake. Tunaangalia matendo yake. Ipimwe hapahapa, kwa vumbi letu, mvua yetu, umeme wetu unaokatika, mbele ya kupewa kazi. Makosa yake yaandikwe na kuonyeshwa. Na pale ambapo haiwezi kueleweka hata kidogo, isipewe kuamua juu ya maisha ya mutu. Kazi zingine ziko nyingi.

Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria mwaka 2024 juu ya akili ya kutengenezwa. Kwa mifumo yenye hatari kubwa, inaomba kwamba mutu anayeisimamia aweze kuelewa uwezo wake na mipaka yake, akumbushwe asiisadiki ovyo, na aweze kuikatalia ao kuisimamisha. Ni nzuri. Lakini sheria ya Ulaya haichunge mutumishi wa Watsa. Siye tuko na Katiba yetu ya mwaka 2006. Kifungu cha 24 kinasema kila mutu ana haki ya kupata habari. Tuko na sheria ya mambo ya numerike ya mwaka 2023. Ni juu yetu kuuliza wabunge wetu: mutumishi Mukongomani aliyewekwa mbele ya mashini inayojiamulia, haki yake imeandikwa wapi?

Ninawaachia maulizo sita. Andikeni, ao pigeni picha ubao. Siku mutu atawaletea mashini inayojiamulia, ikiwa ya muchimbo, ya hospitali, ya kuhesabu kura, ya kulinda mupaka, ao hata ya pompi ya maji ya kata yenu, mumuulize mbele ya kuweka sahihi:

1. Inaona na nini? Na kama jicho lake moja likidanganya, nani atajua?

2. Taa zake zinaonyesha kitu chenyewe, ao zinaonyesha kile inachowaza?

3. Mbele ya kufanya jambo kubwa, inamuambia nani, na inamupa muda gani?

4. Inashindwa wapi? Kama muuzaji anajibu "haishindwe hata siku moja," murudishe mashini yake.

5. Funguo ya kuisimamisha iko na nani usiku, saa nane?

6. Ikikosa, nani anajibu? Na huyo anayejibu, alielezwa?

Kuuliza si ujinga, wazee wetu walisema. Mimi ninaongeza: kukataza watu kuuliza, hiyo ndiyo hatari.

Nimalizie kwa yule injeniere. Sikumuchukia. Nilikutana naye miaka miwili nyuma, sokoni. Akaniambia jambo ambalo halikutoka wakati wa mukutano ule: naye hakuwa amefasiriwa. Kabati lilikuja ndani ya kaso, na kitabu cha lugha ambayo hakuna aliyeisoma pale. Yeye aliogopa kuligusa, ndiyo maana aliniambia mashini inajua, na ndiyo maana funguo alienda nayo nyumbani. Woga ulitoka juu, ukashuka mpaka kwangu, na kwangu haukuwa tena na fasi ya kushukia.

Wandugu, mu mwendo wetu tunaambia viongozi kila siku: mutueleze. Mulitumia feza wapi, muliamua kwa sababu gani, nani anajibu. Hatukubali kiongozi anayetuambia "mukae kimya, siye tunajua." Sasa tusikubali mashini inayotuambia vilevile, na tusikubali kiongozi atakayejificha nyuma ya mashini akisema "ni komputa iliamua." Komputa haina kitambulisho, haiingie gereza, hailipe faini. Nyuma yake kuko mutu siku zote. Tumutafute, tumuulize.

Na wewe utakayepata kazi ya kukaa mbele ya ekra, kazi nzuri, mushahara muzuri, ninakuombea uipate: siku ya kwanza, mbele ya kukaa, omba uonyeshwe funguo.

Sasa ni zamu yenu, niulizeni.